Mlango wa Mahogani wa Mwalimu Watiri

Kwa miaka minne mlango wa mbele wa Mwalimu Watiri ulifunguliwa kwa bega. Ungefika kwake kijijini Wamagana, huko Tetu, ukabisha, ungesikia hatua zake zikija taratibu, kisha kimya kidogo, kisha kishindo. Mlango ungefunguka naye angekuwa amesimama pale akirekebisha kitambaa cha kichwa, kana kwamba kile kishindo kilitoka kwa jirani. Wageni hawakuuliza. Waliomjua walijua pia kwamba hapendi kuulizwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, vyumba vitano, imejengwa na marehemu mumewe, Hezekiah Mutahi, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na saba. Mpaka leo watu wanaelekezana kwayo: ukifika kwa Hedimasta, pinda kushoto. Watiri naye alifundisha jiografia mjini Nyeri hadi alipostaafu. Tangu amzike mumewe alikuwa ameshika neno moja moyoni, kwamba hakuna mtu atakayepita njia ile akasema nyumba ya Hedimasta imeanza kumfuata mwenyewe kaburini.

Kwa hiyo mwezi wa tano, Sophie, binti yake wa pekee, muuguzi kule Othaya, alipokuja na habari kwamba watu wa mchumba wake, Gathogo, wangetoka Mweiga mwezi wa saba kuja kuzungumzia mahari, mama alifurahi, akamkumbatia, akamwombea. Lakini juu ya bega la binti yake macho yalikuwa yameshafika mlangoni.

Mtu wa kwanza aliyemwita alikuwa Wamae. Huyu alikuwa fundi aliyeanza kuzeeka, ambaye zamani aliezeka paa lile pamoja na Hezekiah. Wamae hakuutazama mlango sana. Alitoa bisibisi mfukoni, akaisukuma kwenye fremu upande wa bawaba, nayo ikazama hadi mpini, kama imechomwa kwenye ugali. Akaichomoa, akaipuliza vumbi, akaenda zake hadi langoni. Hapo ndipo alipogeuka. Na Wamae, kwa miaka aliyosimama kando ya mashine ya kupasua mbao, hajui kusema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, mlango wako ni mzima. Fremu ndiyo imeisha. Mchwa wamekula upande huo wote. Tukiitoa tutaangalia na ukuta. Nipe wiki tatu."

Wanawake wawili walikuwa wakipita na mizigo ya majani ya ng'ombe. Walipunguza mwendo. Mmoja aliitazama nyumba kuanzia paa hadi msingi, polepole, kama mtu anayemkagua mgonjwa. Watiri akamshukuru Wamae, akamwambia atampigia simu. Hakumpigia.

Jumapili iliyofuata alimwona Peterson kwenye uwanja wa kanisa, akiegemea pikapu iliyoandikwa jina lake ubavuni kwa rangi nyekundu. Peterson alikuwa mwana wa mzee wa kanisa, kijana nadhifu, fundi wa milango, na simu yake ilijaa picha za milango: ya kuchongwa, ya vioo, ya mahogani inayong'aa kama chai ya rangi. Watiri alitaka kumuuliza milango ile iko kwa nani, aende akaisukume kwa mkono wake mwenyewe. Neno lilifika kwenye ulimi likarudi. Utamwombaje mtoto wa mzee wa kanisa ushahidi, mbele ya baba yake, na mmetoka kushiriki meza ya Bwana pamoja? Ingekuwa sawa na kumwambia mzee kwamba hakulea. Kwa sababu hiyohiyo hakudai karatasi ya makubaliano, yeye aliyewafundisha wasichana miaka thelathini kwamba jambo lisiloandikwa ni upepo.

Peterson alikuja na kamba kupimia mlango mpya wa mahogani, ambao Watiri alikuwa ameuchagua kwenye zile picha. Hakuchoma fremu kwa chochote. Aliipiga kofi mara mbili kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Fremu iko sawa, Madam. Tutaipaka vanishi ifanane na mlango."

Watiri alisikia kifua chake kikilegea. Baadaye, katika siku zilizofuata, alikuwa akilikumbuka lile pumziko na kujilaumu, kwa maana mtu anayekwambia hasa kile ulichotaka kusikia ndiye wa kuchunguzwa mara mbili.

Alikwenda mwenyewe mjini kununua vifaa, kwenye duka la Harshil, ambaye aliwahi kukaa dawati la pili katika darasa lake la jiografia na hadi leo husimama anapomwona. Harshil alisoma orodha ya Peterson. Kitasa alikikubali. Mshikio wa rangi ya dhahabu aliutoa, ingawa alisema kwamba ungekuwa mlango wa mama yake angechukua ule mweusi wa chuma, hauchubuki. Lakini kwenye skrubu alisita.

"Mwalimu, hizi ni fupi. Hizi ni za kabati. Mlango wa mahogani ni mzito, unataka bawaba tatu na skrubu ndefu zinazoshika mbao nzima. Nimpigie fundi?"

"Fundi wangu anajua kazi yake, Harshil."

Harshil aliinamisha kichwa akafunga zile fupi kwenye karatasi, pamoja na bawaba mbili. Mwalimu akishasema, nani wa kumpinga?

Mlango ulibebwa na wanaume wanne. Uliposimamishwa mahali pake, hata Watiri, ambaye si mtu wa kusifu vitu, alirudi hadi langoni ili auone kwa mbali. Ulikuwa mrembo. Alitia picha yake kwenye kikundi cha familia simuni, na Muchiri, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo siku ya wageni, akajibu kwa mikono mitano ya kupiga makofi.

Siku ya tatu aliona mstari wa mwanga kwenye pembe ya juu. Mwembamba, kama uzi. Alijiambia ni mbao inajikalia. Siku ya nane sarafu ilipita hapo. Ukiufungua mlango, ulikwaruza sakafu na kutoa mlio, na Sophie alipokuja nyumbani mwisho wa wiki alisema, "Mum, huu mlango unalia." Mama akamjibu kwamba ni mpya, atazoea. Lakini asubuhi zote, kabla hakujapambazuka, Watiri alikuwa ameshapiga magoti pale chini ya fremu na brashi ya mkono, akizoa kijilima kidogo cha unga wa kahawia. Kila siku alikizoa, na kila siku kilirudi.

Alimpigia Peterson. Mara ya kwanza alikuwa saiti ya ujenzi Karatina, angekuja kesho. Mara ya pili alikuwa mazishini. Baada ya hapo ilikuwa ile sauti ya kike inayosema mteja hapatikani. Kumwendea baba yake hakuweza. Kumwendea Wamae ndiko hakuweza kabisa. Alikata ukanda wa katoni, akaupaka rangi ya viatu ya kahawia, akauziba ule mwanya wa juu kwa gundi. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu, aliomba Mungu, watu wangekuwa wakitazamana nyuso.

Siku mbili kabla ya wageni, Muchiri alifika kupanga mambo. Kila mtu anajua desturi: watu wa kijana wakija, wanakuta pamefungwa. Akina mama wao wanaimba nje, akina mama wa nyumbani wanajibu kutoka ndani, wanataniana, wanatoa vizawadi, hadi wenyeji waridhike na kufungua. Mahali pa kufanyia hayo ni lango la boma. Muchiri alikuwa hata ameleta kufuli.

"Si langoni," Watiri alisema. "Mlangoni."

Muchiri alimtazama. "Mama Sophie, langoni kuna nafasi. Ndivyo tunavyofanya sikuzote."

"Langoni watatazama nini? Mabati? Waimbe mbele ya mlango."

Ndivyo alivyotaka. Kwa dakika kumi au kumi na tano watu wa Mweiga, wenye ng'ombe wa maziwa na ekari za viazi, wangesimama uso kwa uso na mahogani ile, na wangerudi kwao wakisema kwamba mjane wa Hedimasta hajaanguka. Hata mwanya wa juu hakuukumbuka alipokuwa akisema. Aliukumbuka alipojilaza, na hakulala.

Jumamosi iliamka na ukungu ule wa mwezi wa saba unaoshuka kutoka milima ya Aberdare na kukaa juu ya chai na kahawa hadi saa sita. Kila kitu kilikuwa na unyevu, na mlango ulikuwa umevimba. Nyuma ya nyumba wanaume walikuwa wakichoma mbuzi wawili, na kati yao, kwa kuwa jirani haalikwi kwa kuchaguliwa, alikuwamo Wamae, mikono imekunjwa, akigeuza mbavu kwenye moto. Watiri alimsalimia kwa adabu zote, wala hakusimama.

Saa tano honi zilisikika barabarani. Muchiri aliuvuta mlango kwa nguvu ukaingia mahali pake, Watiri akazungusha ufunguo. Ufunguo ulizunguka kwa shida, kisha ukasema ka! Alisimama nyuma ya mlango pamoja na mashangazi wa Sophie saba, akasikiliza miguu ikija kwenye changarawe.

Wakaimba vizuri, watu wa Mweiga. Aliyewaongoza alikuwa Wakonyo, mama ya Gathogo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Walisema wamekuja kutafuta ndama aliyepotelea boma hili. Wa ndani wakajibu hapa hakuna ndama, hapa kuna muuguzi, na je, wamemletea nini? Kupitia dirisha la sebule vikaanza kuingia: sukari, majani ya chai, leso mbili. Wa nje wakasema mlango huu ni mzuri mno, lazima nyuma yake kuna kitu. Watiri alilisikia hilo likamshuka tumboni kama uji wa moto. Kisha, kwa utani, mashangazi wa Mweiga wakaanza kuuegemea mlango na kuusukuma kwa mdundo wa wimbo, mmoja, wawili, watano. Juu, kwenye bawaba, kitu kililia. Ukanda wa katoni ukadondoka ukaangukia kiatu chake.

Aliusukuma pembeni kwa ncha ya mguu. Akawapa ishara kwamba inatosha, wafunguliwe. Akashika ufunguo.

Ufunguo haukuzunguka.

Alijaribu kwa mkono mmoja, kwa miwili, kwa leso. Muchiri akaja, akajaribu hadi uso ukabadilika rangi. Mlango wote ulikuwa umeshuka, na ulimi wa kitasa ulikuwa umelaliwa na uzito wake ndani ya tundu la fremu. Nje, wimbo uliisha, wakangoja. Kisha, kwa kuwa mlango haukufunguka, wakaelewa kwamba hawajatoa vya kutosha, wakaanza wimbo mwingine. Dirishani likaingia blanketi.

"Waache waimbe," Muchiri alinong'ona. "Hawajui. Nitatafuta nyundo."

Blanketi la pili likaingia, zito, bado kwenye karatasi yake ya duka. Mashangazi wa ndani walipokea, hawakutazamana. Mmoja alijaribu kuendelea kujibu wimbo lakini maneno yalikuwa yamemwishia, akarudia ubeti aliokwisha kuimba. Nje mtu akacheka akasema, wenyeji wameishiwa na maneno lakini hawajashiba.

"Basi tuwapitishe jikoni," Muchiri alisema. "Mlango wa nyuma uko wazi. Tuseme ni mila yetu ya huku Tetu."

"Mila gani, Muchiri?"

Wakwe kuingizwa kwa mlango wa jikoni, kati ya jiko na gunia la mkaa, ni jambo linalosimuliwa kwa vizazi. Watiri alikuwa amelala macho wiki mbili kwa kuliogopa hilo na kila kinachofanana nalo. Lakini sasa alikuwa ameshika mkononi kitu ambacho hakuwa amekifikiria: kikapu, ambacho bibi mmoja mzee alikuwa amekipenyeza dirishani, na ndani yake mayai, kila moja limefungwa kwa gazeti. Huyo bibi hakuwa amekipanga kikapu hiki kwa ajili ya wimbo. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho, akidhani amepungukiwa. Hezekiah, akiwa hai, aliwahi kurudi sokoni kwa miguu ili kurudisha chenji iliyozidi. Mlango mbovu ni aibu. Lakini nyumba inayopokea mayai ya bibi kwa uongo, hiyo ingeitwaje?

Alikiweka kikapu mezani, akapita jikoni, akatoka nje. Kwenye moto wanaume waligeuka walipomwona. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Wamae.

"Mlango umekwama na wakwe wako nje," alisema, na wote waliokuwa pale walisikia. "Fremu imeachia. Kama ulivyosema."

Alingoja. Kama Wamae angesema "nilikwambia", angekuwa na haki, na sauti yake ingefika hadi barabarani. Wamae aliweka chini koleo la nyama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Hao walio nje ni wangapi?" aliuliza. "Wenye nguvu."

Walizunguka nyumba pamoja. Watu wa Mweiga walipomwona mwenye nyumba akitokea kwenye kona walishangilia, wakidhani ni zamu mpya ya mchezo. Watiri akainua mkono kama alivyokuwa akiuinua darasani.

"Samahani, wageni wetu. Mlango umekwama. Si mchezo. Hatuwezi kuufungua."

Wakacheka sana. Wakonyo akaanzisha wimbo wa mama mwenye nyumba anayejificha nyuma ya kufuli, na wenzake wakaitikia. Watiri alisimama katikati ya vicheko hivyo, masikio yanamwaka. Ikabidi aseme mara ya pili, na mara hii alisema yote, kwamba fremu imeliwa na mchwa, kwamba fundi huyu alimwambia mapema asisikie, na kwamba vitu walivyotoa tangu wimbo wa kwanza kuisha vitarudishwa mikononi mwao, kwa kuwa vimepokewa isivyo halali. Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Wakonyo alivua leso mabegani. Kisha akamgeukia Wamae. "Fundi, tufanye nini?"

Wamae aliomba jembe na wanaume wanne. Alipenyeza bapa la jembe chini ya mlango, akawaambia wauinue polepole akihesabu, na Muchiri kule ndani azungushe ufunguo akisikia tatu. Hawakuwa wanne tu. Wakonyo mwenyewe alifunga leso kiunoni akashika mpini, na mashangazi nyuma yake. Moja. Mbili. Kwenye tatu kitasa kililia ka!, mlango ukasogea kidole kimoja, na kisha, bila haraka, bawaba ya juu ikatoka na kipande cha fremu chenye urefu wa mkono, na mahogani yote ikawalalia mikononi. Unga wa kahawia ulimwagika juu ya viatu vya kila mtu. Zile skrubu za kabati zilikuwa zinaning'inia kama meno ya mtoto.

Waliulaza mlango kwenye nyasi. Mahali ulipokuwa palibaki tundu kubwa, na ndani yake, wakiwa wamejipanga na blanketi na sukari mikononi, mashangazi wa Sophie, na Sophie nyuma yao.

Watiri aliinama akaokota skrubu moja. Wakonyo ndiye aliyesogea. Alikanyaga kizingiti, akasimama hapo, akaiangalia fremu iliyooza juu hadi chini, akaigusa kwa kidole.

"Kwetu ni paa," alisema. "Nimekuwa nikiomba siku mtakayokuja kwetu mvua isinyeshe." Kisha akapaza sauti kuwaambia wenzake waingie, mlango umefunguliwa.

Mahari ilizungumzwa siku hiyo katika nyumba isiyo na mlango. Ukungu uliingia ukakaa na wageni, Muchiri alisema maneno yote ya ukoo akiwa na koti hadi kidevuni, na yule bibi wa mayai alikataa katakata kurudishiwa kikapu. Watu walikula, wakacheka. Watiri alihudumu akiwa ameinua kichwa, lakini kila mara mtu alipopita pale wazi palipokuwa na mlango alihisi upepo mgongoni. Alijua kufikia Jumatatu habari ingekuwa imefika sokoni, na hakujua ingefika ikiwa na sura gani.

Wageni walipoondoka, Wamae alikuwa bado pale, akipigilia mbao za muda ili kitu chochote kisiingie. Watiri aliingia chumbani akatoka na daftari na kalamu, akavuta kiti hadi kwenye kizingiti.

"Sema tena yale uliyosema langoni," alimwambia. "Yote. Nataka kuyaandika, na utie sahihi, nami nitie."

Wamae akasema. Fremu itoke yote, hata upande huu unaoonekana mzima. Mbao mpya ziwe kavu, zikae ndani ya nyumba wiki moja kabla ya kukatwa. Mchwa watafutwe shina lao, la sivyo wanarudi. Bawaba tatu, skrubu ndefu. Mahogani yenyewe haina kosa, itarudi. Watiri aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, akiuliza kila alipokuwa hajaelewa.

"Na ukuta?" aliuliza.

"Ukuta sijauangalia. Wala madirisha."

Barabarani wale wanawake wawili walikuwa wakirudi na majani ya ng'ombe. Waliona mlango kwenye nyasi, wakapunguza mwendo. Watiri aliwaona. Aliwasalimia kwa majina yao, wote wawili, kisha akarudisha macho kwenye daftari.

"Angalia," alimwambia fundi.

Wamae alitoa bisibisi mfukoni, akaenda hadi fremu ya dirisha la sebule, akaiweka ncha yake kwenye mbao. Kabla hajasukuma alimtazama Watiri, kama mtu anayeomba ruhusa. Alipofungua mdomo kumwambia anachotarajia kukikuta humo, alijaribu kushusha sauti.

"Sema kama kawaida yako, Wamae," alisema Watiri, kalamu tayari mkononi. "Sukuma."